Mzigo uliofunikwa turubai Makambako: ni kitu gani kile?

SWALI: Kamwene, mtaalamu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Makambako. Wiki iliyopita, jioni, liliegesha kando ya barabara kuu lori lenye tela la chini sana, limebeba kitu kikubwa kilichofunikwa turubai la bluu. Kilikuwa na mgongo kama gamba la kobe. Upana wake ulitosha kuziba karibu barabara nzima, lakini kwenda juu hakikuwa kirefu. Wanafunzi wangu walihesabu ekseli saba za tela. Mbele na nyuma kulikuwa na pikapu zenye vimulimuli. Upepo ulikuwa umechana turubai upande mmoja, tukaona ukingo mnene wa chuma wenye safu ya matundu, umepakwa kitu cha kahawia kama nta. Pembeni pamechorwa mwavuli, na duara lenye msalaba katikati. Asubuhi liliondoka kuelekea Mbeya. Mtaani wengine wanasema ni bomu na lile duara ni shabaha, wengine wanasema ni urani, wengine helikopta. Kile ni nini? Na kama hakuna cha kuficha, kwa nini wakifunike? Halafu, reli ya TAZARA inapita hapahapa kwetu. Kwa nini wasikipakie kwenye treni?

JIBU: Kamwene, mwalimu. Wanafunzi wako wapongezwe, maana ile hesabu ya ekseli imenisaidia kuliko kitu kingine chochote ulichoandika. Kwa maelezo yako, naamini mliona nusu ya ganda la kinu cha kusagia mawe ya madini, tena kinu kikubwa, na kwa njia lililoshika lori lile, nadhani kinakwenda kwenye migodi ya shaba ya Zambia au ya Kongo. Sikuliona kwa macho yangu, kwa hiyo nitakuonyesha nimefikaje hapo, ili wewe na darasa lako mpime wenyewe.

Watu wengi wakiona mzigo uliofunikwa hukazia macho umbo lake. Umbo linadanganya, kwa sababu turubai hulala juu ya mbao, cheni na vyuma vya kushikilia, kisha huonyesha mgongo ambao mzigo wenyewe hauna. Tela halidanganyi. Mwenye lori hawezi kukodi ekseli asizozihitaji, maana kila moja ni gharama ya matairi na mafuta, wala hawezi kupunguza anazozihitaji, maana mizani zipo njiani: Wenda pale Iringa, hapo kwenu Makambako, na Mpemba kabla ya kuingia Tunduma. Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, iliyoanza kutumika kwetu Machi 2019, inaruhusu tani 56 kuwa uzito wa juu kabisa wa lori la kawaida pamoja na mzigo wake, na ekseli moja ya nyuma yenye matairi manne haipaswi kuzidi tani 10. Ekseli zikipangwa kwa karibu, kila moja huruhusiwa pungufu ya hapo, kama tani 8.

Sasa fanyeni hesabu ubaoni. Ekseli saba kwa tani 8 ni tani 56, kwa tani 10 ni tani 70. Toa uzito wa tela lenyewe, ambalo kwa lobedi, yaani tela la chini kama lile, la ukubwa huo linaweza kufika tani 20 au zaidi. Kinachobaki ni mzigo wa tani 35 hadi 50 hivi. Ukijumlisha na kichwa cha lori, msafara mzima umepita tani 56 kwa mbali, na upana nao umepita kiwango, ndiyo maana ya zile pikapu mbili. Mzigo wa namna hiyo hautembei bila kibali maalumu na magari ya kuusindikiza, na husafiri mchana. Jua likizama unaegesha. Hilo linaeleza pia kwa nini mliukuta jioni umetulia na asubuhi ukaondoka.

Kwa hiyo tunatafuta kitu cha chuma, kipana karibu sawa na barabara, si kirefu kwenda juu, kimepinda mgongo, chenye tani arobaini na kitu. Hapo vitu vingi vinajiondoa vyenyewe.

Transfoma kubwa ndiyo ningeifikiria kwanza, kwa sababu njia ya umeme ya kilovolti 400 inayotoka Iringa kupitia Kisada, Mbeya na Tunduma hadi Sumbawanga inahitaji mashine za aina hiyo. Lakini transfoma ya msongo huo hupita tani 100 hata baada ya kumwagwa mafuta yote na kuvuliwa mapezi ya kupozea. Uzito wote huo umekusanyika kwenye kitu cha umbo la sanduku, kirefu kwenda juu, na tela lake huwa na ekseli nyingi kuliko mlizohesabu, zimepangana mwanzo hadi mwisho bila nafasi. Siku mkiiona mtaitambua kwa jambo jingine: ubavuni huwa na mtungi mdogo wa gesi wenye geji, kwa sababu husafirishwa ikiwa imejazwa hewa kavu au naitrojeni ili unyevu usiingie ndani, na mara nyingi hufungwa kifaa kinachorekodi kila mtikisiko wa njiani.

Helikopta ni nyepesi mno kwa tela lile. Boti ingekuwa na mkuku chini, na ingekaa kwenye vyuma vya kuishikilia ikiwa nyembamba chini na pana juu, yaani kinyume kabisa cha mlichokiona. Na meli kubwa za Ziwa Nyasa hazipiti Makambako zikiwa nzima. MV Mbeya II iliundwa hukohuko Kyela.

Kilichobaki ni ule ukingo mliouona pale turubai lilipochanika, na kwangu huo ndio uthibitisho. Ukingo mnene wenye safu ya matundu ni flanji, yaani sehemu ambayo kipande kimoja cha mtambo huungwa na kingine kwa bolti. Ile nta ya kahawia ni kinga ya kutu. Flanji huchongwa kwa mashine mpaka uso wake unanyooka kwa vipimo vidogo kuliko milimita, na chuma kilichochongwa hivyo bila rangi, kikikaa baharini wiki kadhaa bila kupakwa kitu, hufika bandarini kimeliwa na chumvi. Kutu ikila uso ule, au mtu akiugonga kwa nyundo ukabonyea, vipande viwili havitakutana sawasawa, bolti zitalegea, na kinu kikianza kazi kitavuja tope la madini mfululizo. Nimeona mafundi wakikaa siku nzima wakisugua flanji kwa jiwe la kunolea kwa sababu ya mkwaruzo mmoja tu. Mpakaji wa nta ile alijua anachokifanya.

Kinu chenyewe ni nini? Mtu yeyote aliyefika kwenye machimbo ya dhahabu ya Chunya ameona karasha: pipa la chuma linalozungushwa na mota, ndani yake mna mipira ya chuma inayopanda na kuanguka juu ya mawe mpaka yanakuwa unga. Kinu cha mgodi mkubwa wa shaba kinafanya kazi ileile. Tofauti ni ukubwa. Kipenyo cha vinu vikubwa vya mipira hupita mita 7, na vile vya hatua ya kwanza, vinavyopokea mawe makubwa, hufika mita 10 hadi 12. Hakuna barabara Afrika Mashariki inayoweza kupitisha kitu cha namna hiyo kikiwa kizima. Kwa hiyo ganda hukatwa kiwandani kwa mpango, nusu kwa nusu au robo kwa robo, kila kipande kikawekewa flanji pande zote, kisha vipande vikasafirishwa na kuungwa mgodini.

Tujaribu kama hesabu inakubali. Lami ya barabara yetu kuu, sehemu nyingi, ina upana wa karibu mita 7. Umesema mzigo ulitosha kuziba karibu barabara nzima, basi tuchukulie mita 6. Nusu ya ganda la kipenyo cha mita 6, likilazwa mgongo juu, litakuwa na upana wa mita 6 na kwenda juu mita 3. Likiwa na urefu wa mita 6 pia, eneo lake ni kama mita za mraba 56. Bamba la chuma la unene wa milimita 75 lina uzito wa karibu kilo 590 kwa kila mita ya mraba. Zidisha, unapata tani 33. Ongeza flanji za pande nne, ambazo ni nene zaidi ya bamba, unavuka tani 40. Ndiyo yaleyale tuliyoyapata kwa kuhesabu ekseli. Njia mbili zisizotegemeana zikikutana hivyo, napata ujasiri wa kukuandikia jibu.

Lile duara lenye msalaba limeleta hofu isiyo na sababu, na hili naomba ulifikishe mpaka sokoni. Si shabaha. Ni alama ya kimataifa ya wapakiaji inayoonyesha mahali uzito wa mzigo unapokutana, yaani pale ambapo ukiuinua unakaa sawa bila kuegemea upande. Mwendesha winchi wa bandarini hasomi maandishi marefu. Anatafuta duara lile. Mwavuli maana yake kisinyeshewe. Mngezunguka upande wa pili huenda mngeona mchoro wa cheni, unaoonyesha mahali pa kupitisha kamba ya kunyanyulia, na pengine mishale miwili inayotazama juu kuonyesha upande wa juu wa mzigo. Watoto wanaweza kujifunza alama hizo kwa kipindi kimoja tu na zitawafaa maisha yao yote, hata wakipokea friji nyumbani.

Kuhusu urani, naelewa inakotoka. Ng'ambo ya mto Songwe, wilayani Karonga nchini Malawi, kuna mgodi wa urani wa Kayelekera, na kwetu jina la Namtumbo, ambako kuna urani, limesikika sana. Lakini mazao ya mgodi wa urani ni unga. Hujazwa kwenye mapipa ya chuma, mapipa yakaingizwa kwenye kontena la kawaida, kontena likafungwa lakiri na kubandikwa alama ya mionzi pande zote pamoja na namba 2912. Mzigo wa Kayelekera ulikuwa ukipelekwa bandari ya Walvis Bay, Namibia, kwa kupitia Zambia. Hauna sababu ya kuonekana Makambako ukielekea Mbeya. Na vyenye mionzi hapa nchini vinasimamiwa na Tume ya Nguvu za Atomiki, havisafiri kwa kificho cha turubai. Baruti za migodini nazo husafirishwa kwenye magari ya kufungwa yenye alama zake na ulinzi wake.

Hapo ndipo jibu la swali lako la pili lilipo. Anayetaka mzigo wake usijulikane hauwekei turubai, anautia kwenye kontena, unapita mbele ya nyumba yako na wewe hugeuki hata kutazama. Turubai ni la kinga. Ganda lile lina safari ya zaidi ya kilomita 900 kutoka Dar es Salaam hadi Tunduma tu, bado Zambia yenyewe. Kuna vumbi la barabara zinazojengwa, kama ile ya njia nne ya Nsalaga hadi Ifisi pale Mbeya. Kuna mvua zetu za Novemba mpaka Aprili, na ukungu unaolowesha chuma hata siku isiyo na mvua. Kuna pia forodha: mzigo unaopita kwenda nchi nyingine haujalipiwa ushuru hapa, kwa hiyo unatakiwa ufike mpakani ukiwa kamili kama ulivyotoka bandarini, na mzigo uliofungwa vizuri ni rahisi kujua kama umeguswa. Kwamba turubai lilichanika hapo kwenu hainishangazi. Upepo wa Makambako kila dereva wa njia hii anaujua, na turubai likipata tundu dogo tu la kuingiza hewa upande wa mbele, linavimba na kupasuka ndani ya kilomita chache. Dereva alipaswa kulishona kabla ya kuondoka, kwa sababu kipande kinachopepea kinaweza kufunika kioo cha gari linalofuata.

Treni ingekuwa njia nzuri kama si milima. TAZARA inapanda kutoka Mlimba hadi Makambako kwa kupita kwenye mahandaki mengi, na handaki la reli moja halipitishi kitu cha upana wa mita 6. Vipande vya kinu vyenye upana wa kawaida, pamoja na mipira ya chuma na mapipa ya bolti, vinaweza kupanda treni bila shida. Kipande kile lazima kipite mlima Kitonga kwa barabara. Pale Kitonga magari yanayoshuka husimamishwa, na mara nyingine kichwa cha pili huungwa ili kusaidia kuvuta, kwa sababu kwenye kona kali tela refu hukata ndani na kuhitaji lami yote pamoja na bega. Ni kazi ya taratibu mno. Wanaoifanya vizuri wanastahili heshima ambayo hawaipati, maana abiria waliokwama nyuma yao huwa wanalalamika tu.

Kwa nini nadhani ni shaba? Mkoa wa Kaskazini-Magharibi wa Zambia una migodi ya Kansanshi na Lumwana, ambayo imekuwa kwenye upanuzi mkubwa, na upande wa Kongo, karibu na Kolwezi, kuna Kamoa-Kakula. Kupanua mgodi wa shaba maana yake ni kuongeza vinu. Malori yaleyale mnayoyaona yakirudi Dar es Salaam na vibamba vya shaba ndiyo upande wa pili wa biashara hiyo. Sisemi kipande mlichokiona kinakwenda mgodi gani. Hilo lipo kwenye hati za dereva.

Nina ombi moja zito, mwalimu, kwa sababu wanafunzi wako walikaribia kiasi cha kuona nta kwenye flanji. Lile ganda halikuwa na hatari zaidi ya kubingirika au mtu kuangukiwa na cheni, na hiyo peke yake inatosha kuwazuia watoto wasiingie chini ya tela au kupanda juu. Lakini barabara hiyohiyo inapitisha vitu vya hatari kweli, na vingi vimefunikwa turubai lilelile la bluu. Wafundishe kutafuta alama ya mraba uliosimama kwa pembe yake, na kibao cha rangi ya chungwa chenye namba nne. Namba 1203 ni petroli, 1202 ni dizeli. Namba 1350 ni salfa, ule unga wa njano unaopelekwa migodini kwa wingi. Ukishika moto hutoa moshi unaoziba pumzi. 1830 ni asidi ya salfuriki. 1689 ni sayanaidi ya sodiamu inayotumika kwenye dhahabu. Ni sumu kali, na ikikutana na asidi hutoa gesi inayoua kwa haraka sana. 1942 ni amonia naitreti ya kutengenezea baruti. Namba hizo ni zilezile dunia nzima, na Mkemia Mkuu wa Serikali anazitambua.

Lori lenye kibao hicho likipinduka Mlima Nyoka au kwenye mteremko wa Iwambi, mtu asisogee kuangalia wala kuchota. Barabara hii kuu ndiyo iliyopoteza zaidi ya watu 100 pale Msamvu, Morogoro, Agosti 2019, wengi wao wakiwa wamefuata petroli iliyokuwa ikimwagika. Kimbieni upande unakotoka upepo, na mpande juu, msishuke bondeni. Gesi na mvuke mwingi wa vitu hivi ni mzito kuliko hewa, na usiku wa baridi wa kwetu huku hutelemka na kutuama mabondeni. Kisha pigeni 114 kwa Zimamoto au 112 kwa Polisi, na mkiweza kuisoma ile namba mkiwa mbali, itajeni kwanza kabla ya mengine yote. Msafara wa jeshi nao muuache upite, msiupige picha.

Kwa mizigo mingine, ulizeni bila woga. Utingo wa lori lililoegesha mara nyingi anajua alichobeba na anafurahi kuulizwa kwa heshima, hasa na mwalimu. Nusu ya ganda lazima iwe na mwenzake, na kwa kawaida vipande vya kinu kimoja hutoka bandarini kwa kufuatana. Nusu ya pili ikipita hapo Makambako, angalieni karibu na flanji: kiwandani hugongwa namba kwenye chuma, ileile pande mbili zinazokutana, ili mafundi wajue kipande gani kinaungana na kipi. Mkiisoma, niandikieni pamoja na hesabu ya ekseli.